Chemirocha na Asili ya Muziki wa Kantri

Mwaka 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis huko Kenya, mtu mmoja jina lake Hugh Tracey. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi za Afrika akizikusanya nyimbo za wenyeji na kuzitia katika santuri, zisije zikapotea pamoja na wazee waliozijua. Huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo uliofuatana na kinubi cha kwao. Wimbo huo ulimtaja kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, ambaye, kwa maelezo ya wenyewe, alikuwa nusu mtu na nusu paa. Nao walimwalika aje acheze ngoma pamoja nao.

Je, Chemirocha huyu alikuwa nani? Hakuwa mzimu wa kale wala shujaa wa vita vya zamani. Jina hilo ni la Mmarekani mmoja mweupe, Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897, akafa mwaka 1933, wala hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja. Gramafoni zilikuwa zimeingia katika nchi ya Wakipsigis, na pamoja nazo zikaingia santuri za Rodgers. Watu waliisikia sauti ikitoka sandukuni, lakini mwenye sauti hawakumwona. Jina lake lilipopita katika ndimi zao likawa Chemirocha, na yeye mwenyewe akawa kiumbe wa hadithi.

Wako watu wanaocheka wasikiapo habari hii. Sisi twawaomba wasiwe wepesi wa kucheka. Katika mazungumzo haya twataka kueleza muziki wa Rodgers, uitwao kantri, umetoka wapi. Tutakapofika mwisho, msomaji ataona kwamba Wakipsigis walifanya jambo lile lile ambalo Wamarekani wenyewe walilifanya kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi: walisikia wimbo wa mgeni, wakautwaa, wakaufanya kuwa wao.

Neno kantri maana yake ni shamba, yaani nchi iliyo mbali na miji. Muziki huu ni wa wakulima na vibarua wa majimbo ya kusini ya Marekani, hasa wale wa milima ya Appalachia na wale wa nchi za pamba zilizo chini ya milima hiyo. Nyimbo zake husimulia mambo kwa maneno mepesi: gari la moshi lililoanguka, mama aliyefariki, mchumba aliyedanganya, mfungwa anayekumbuka kwao. Vyombo vyake, kwa kawaida, ni vya nyuzi. Watu wengi, hata huko Marekani kwenyewe, wamezoea kudhani kwamba muziki huu ni mali ya Wazungu wa milimani peke yao, na kwamba ulikaa huko juu bila kuchanganyika na kitu chochote. Dhana hiyo si ya kweli. Basi na tufanye kama afanyavyo fundi wa saa: tufungue kifuniko, tutazame gurudumu moja moja, na kuuliza kila moja limetoka wapi.

Tuanze na fidla. Fidla ni chombo cha nyuzi nne, nacho husuguliwa kwa upote wa singa za farasi. Katika karne ya 18 maelfu ya watu walihama kutoka Ulster, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Ireland, na wengi wao walikuwa wa asili ya Uskoti. Kodi za mashamba zilikuwa zimewalemea, na miaka ya njaa iliwapata mara kwa mara. Walivuka bahari ya Atlantiki wakashukia Pennsylvania. Kisha wakafuata njia ya magari ya farasi iliyoelekea kusini, hata wakaingia katika mabonde ya Virginia, Carolina na Tennessee. Mtu anayesafiri namna hiyo hawezi kuchukua vyombo vikubwa. Lakini fidla ni nyepesi, tena moja yatosha kuchezesha watu wa nyumba nzima.

Pamoja na fidla walichukua nyimbo za kusimulia, wao na jirani zao waliotoka Uingereza. Kati ya mwaka 1916 na 1918, Mwingereza mmoja, Cecil Sharp, alikwenda katika milima hiyo pamoja na msaidizi wake, Maud Karpeles, ili kuandika nyimbo za wazee. Walikusanya tuni zaidi ya 1,600. Miongoni mwa nyimbo walizozikuta huko ni ule uitwao "Barbara Allen", ambao Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mjini London, aliutaja katika kitabu chake cha habari za kila siku mwaka 1666. Wimbo huo ulikuwa umeishi miaka 250 katika vinywa vya watu, ukavuka bahari, na wengi walioutunza hawakujua kusoma wala kuandika.

Lakini Sharp alikwenda kutafuta hasa nyimbo zilizotoka Uingereza, na mtu aonaye mbali huenda asione lililo karibu naye. Hata fidla yenyewe haikuwa mikononi mwa Wazungu peke yao. Katika mashamba makubwa ya kusini, wapigaji wa fidla katika ngoma za mabwana walikuwa mara nyingi ni watumwa Waafrika. Mabwana walicheza, na watumwa wakawapigia. Na kila mpigaji aliongeza mapigo ya kwao katika tuni aliyofundishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwamba, kabla muziki huu haujapewa jina, ulikuwa umekwisha kupita katika mikono ya watu wa namna mbili.

Tutazame sasa banjo. Hiki ndicho chombo ambacho watu hukitaja kwanza wakitaka kuonyesha mfano wa Mzungu wa milimani. Ajabu ni kwamba asili yake ni Afrika. Huko Senegali na Gambia, Wajola wana chombo kiitwacho akonting. Mwili wake ni kibuyu kilichowambwa ngozi. Shingo yake ni ufito. Nyuzi zake ni tatu, na mmoja wao ni mfupi kuliko wenzake. Mpigaji huupiga uzi mrefu kwa ukucha wa kidole kinachoshuka, kisha kidole gumba huugusa ule uzi mfupi, ambao hulia sauti ile ile moja wakati wote. Wazee wa Appalachia hupiga banjo kwa namna iyo hiyo, na banjo yao nayo ina uzi mfupi wa kidole gumba.

Watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi hawakuruhusiwa kuchukua mali; lakini ujuzi wa mikono yao hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Walipofika katika visiwa vya Karibi na Marekani walipata vibuyu na ngozi, wakaunda tena vyombo vya kwao. Hans Sloane aliviona vyombo vya namna hiyo huko Jamaica katika mwaka 1687 na 1688, akavieleza kitabuni. Miaka kama mia baadaye Thomas Jefferson, ambaye mwishowe alikuwa Rais wa Marekani, na ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa, aliandika kwamba chombo hicho watu weusi walikuja nacho kutoka Afrika.

Mzungu wa kwanza aliyejulikana sana kwa kupiga banjo mbele ya watu alikuwa Joel Sweeney wa Virginia, naye alijifunza kwa watu weusi wa kwao. Katika miaka ya 1840 kukatokea michezo ya jukwaani ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni, wakapiga banjo na kuwaigiza watumwa ili watazamaji wacheke. Ni jambo la kusikitisha kwamba kwa njia ya dhihaka hiyo banjo ilienea katika nchi nzima. Viwanda vikaanza kuiunda kwa duara la mbao na vyuma badala ya kibuyu, na kadiri miaka ilivyopita, watu wakasahau ilikotoka.

Gitaa nalo lilichelewa kufika milimani. Asili yake ni Hispania, na kwa muda mrefu huko Marekani lilikuwa chombo cha sebuleni, cha watu wa mijini. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19, wakati maduka makubwa kama lile la Sears, Roebuck yalipoanza kuuza bidhaa kwa posta. Mkulima aliyekaa mbali na mji aliletewa kitabu cha picha na bei. Akachagua, akatuma fedha, na gitaa likaletwa kwa gari la moshi. Hivyo chombo cha Wahispania kiliwafikia Wazungu wa milimani na watu weusi wa nchi za pamba karibu wakati mmoja, nao wakaanza kufundishana.

Iko namna nyingine ya kupiga gitaa ambayo safari yake ni ndefu zaidi. Katika miaka ya 1830, wachungaji wa ng'ombe kutoka Mexico waliitwa Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, kuwafundisha wenyeji kazi ya ng'ombe, nao walikwenda na magitaa yao. Wenyeji waliyapenda wakayafanya yao. Karibu na mwaka 1889 kijana mmoja wa Hawaii, Joseph Kekuku, alitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Sauti ikawa inapanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayelia. Katika maonyesho makubwa yaliyofanyika San Francisco mwaka 1915, maelfu ya Wamarekani waliisikia sauti hiyo, na baada ya hapo ikapendwa kila mahali. Leo mtu akisikia chuma kile kikilia katika wimbo wa kantri, husema, Hii ndiyo sauti ya Texas au ya Tennessee. Kumbe ni sauti iliyotoka kisiwani.

Tumekwisha kutazama vyombo. Sasa tutazame sauti ya mtu. Katika milima ya Alps, huko Uswisi na Austria, wachungaji walikuwa na desturi ya kuitana kutoka mlima mpaka mlima kwa sauti inayoruka ghafula kutoka kifuani kwenda juu kichwani, kisha ikarudi. Uimbaji huo huitwa yodeli. Kati ya mwaka 1839 na 1843 waimbaji wa jamaa moja ya Tyrol, iitwayo Rainer, walizunguka Marekani wakiuimba, na waimbaji wa majukwaani wakawaiga. Ndiyo sauti ile ile ya kuruka ambayo Wakipsigis waliisikia katika gramafoni, karne nzima baadaye.

Na sasa tumfikie Jimmie Rodgers mwenyewe. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli katika jimbo la Mississippi. Jimmie alipokuwa kijana alitumwa kuwachotea maji watu weusi waliokuwa wakitengeneza njia ya reli. Watu hao waliimba wakifanya kazi, ili nyundo zao zishuke pamoja, na wakati wa kupumzika walipiga magitaa na banjo. Huko ndiko Rodgers alikojifunza nyimbo za watu weusi ziitwazo bluzi. Katika bluzi, mwimbaji husema neno lake la huzuni mara moja, halafu hulirudia, kisha mstari wa tatu hulijibu. Ni mpango rahisi, lakini humpa msikilizaji nafasi ya kulionja neno kabla hajapata jibu lake.

Rodgers alipokua alifanya kazi ya breki katika magari ya moshi, hata ugonjwa wa kifua kikuu ukamwondoa kazini. Hapo aliamua kutafuta riziki yake kwa kuimba. Alichukua mpango wa bluzi ya watu weusi, akaupiga kwa gitaa la asili ya Hispania, na mwishoni mwa kila ubeti akatia yodeli ya Alps. Wimbo wake wa kwanza wa namna hiyo, "Blue Yodel", aliutia katika santuri mwezi wa Novemba 1927, ukauzwa kwa wingi mno. Baadaye aliimba pamoja na Joe Kaipo, mpiga gitaa la chuma kutoka Hawaii. Na mwezi wa Julai 1930, huko Hollywood, tarumbeta yake ilipigwa na Louis Armstrong, mtu mweusi aliyekuwa mkuu wa wapigaji wa jazi, na piano ikapigwa na mkewe, Lil Hardin Armstrong. Basi katika mtu huyu mmoja zilikutana Afrika, Ulaya na visiwa vya Pasifiki. Lakini katika karatasi ya ile santuri ya mwaka 1930, majina ya Armstrong na mkewe hayakuandikwa.

Msomaji atauliza, Kwa nini majina yao yaliachwa? Swali hilo latuleta kwenye jambo kubwa la mazungumzo yetu.

Muziki huu ulianza kuwa biashara katika miaka ya 1920. Mwaka 1923 Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri, alitia santurini huko Atlanta fidla na sauti ya mzee mmoja aliyeitwa Fiddlin' John Carson. Peer hakuupenda uimbaji ule, lakini santuri zake zilinunuliwa upesi kuliko alivyotazamia. Mwaka 1927, akiwa na kampuni ya Victor, alikwenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, akapanga chumba cha kutilia sauti katika nyumba iliyokuwa ghala ya kofia. Kwa muda wa siku kumi na mbili, kuanzia tarehe 25 Julai mpaka tarehe 5 Agosti, alipokea waimbaji wa vikundi 19, akatia nyimbo 76. Waimbaji walilipwa dola 50 kwa kila wimbo, na kwa mkulima wa wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi. Miongoni mwao walikuwa A. P. Carter, mkewe Sara na shemeji yao Maybelle, walioteremka kutoka bonde lao huko Virginia. Na siku ya tarehe 4 Agosti alifika Jimmie Rodgers.

Lakini katika majimbo ya kusini ya wakati ule sheria ziliwatenga watu weusi na weupe katika shule, katika magari ya moshi na katika nyumba za kulia chakula. Kampuni za santuri nazo zilifuata desturi hiyo. Nyimbo za watu weusi ziliandikwa katika kitabu kimoja cha bei, nazo zikaitwa santuri za taifa jeusi. Nyimbo za Wazungu wa mashambani ziliandikwa katika kitabu kingine, zikaitwa kwa jina la dharau lenye maana ya washamba wa milimani. Hapo ndipo wafanyabiashara walipoipasua nguo moja vipande viwili. Watu weusi waliopiga fidla na banjo walikuwako wengi, lakini mara nyingi hawakuombwa kuzitia nyimbo hizo katika santuri. Waliombwa bluzi, kwa sababu ndizo zilizotazamiwa kuuzwa kwa watu wao. Na kwa kuwa mtu afapo sauti yake hupotea, bali santuri hubaki, wajukuu waliosikiliza santuri hizo walidhani kwamba banjo na fidla zilikuwa za Wazungu tangu mwanzo.

Na tutoe mifano miwili, ili msomaji ajue ni nani waliopata hasara.

Mfano wa kwanza ni Lesley Riddle, kijana mweusi wa Tennessee, aliyepoteza mguu wake mmoja katika ajali ya kiwanda cha saruji, kisha akawa stadi wa gitaa. A. P. Carter alipotaka nyimbo mpya za kuimba, alizunguka vijijini kuzitafuta, na Riddle alifuatana naye. Carter aliyaandika maneno, lakini tuni zilimponyoka. Riddle alizikamata akilini, na waliporudi nyumbani aliwapigia Sara na Maybelle mpaka wakazijua. Maybelle alijifunza pia namna ya vidole vyake. Nyimbo za akina Carter zimefundishwa na kuigwa katika nchi nyingi, na upigaji wa Maybelle umekuwa mfano kwa wapiga gitaa wa kantri hata leo. Jina la Riddle halikuandikwa katika santuri zao. Aliyemtafuta akamwona, akazitia nyimbo zake mwenyewe katika mashine ya kunasa sauti, ni Mike Seeger, na huo ulikuwa mwaka 1965.

Mfano wa pili watuhusu sana sisi tulio watu wa redio. Tarehe 28 Novemba 1925, huko Nashville, Tennessee, stesheni ya redio iitwayo WSM, iliyokuwa mali ya kampuni ya bima, ilianza kutangaza ngoma za wakulima kila Jumamosi usiku. Mwenye kuitangaza alikuwa George D. Hay. Miongoni mwa wapigaji wake wa kwanza alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi mwenye umbo dogo, aliyepatwa na ugonjwa wa kupooza alipokuwa mtoto wa miaka mitatu. Chombo chake kilikuwa kinanda cha mdomo. Alipokuwa kitandani kwa ugonjwa alizisikiliza sauti za dunia, mbwa wa mawindo, upepo, gari la moshi lipitalo mbali, naye akajifunza kuzitoa zote katika kile kinanda.

Usiku mmoja wa mwezi wa Desemba 1927, WSM ilikuwa imetoka kupokea kutoka mji mwingine muziki mkubwa wa kizungu, wa aina ya opera. Zamu ya wakulima ilipofika, Hay alimpa Bailey nafasi, naye akapiga tuni yake ya gari la moshi, "Pan American Blues". Alipokwisha, Hay aliwaambia wasikilizaji kwa mzaha kwamba wamekwisha kusikia opera kubwa, na kwamba tangu usiku huo wao wangekuwa na opera yao ya kienyeji. Kutoka katika mzaha huo likapatikana jina Grand Ole Opry, na chini ya jina hilo ngoma hizo zingali zikitangazwa hata leo. Jina hilo, basi, lilitolewa mara baada ya mtu mweusi kupiga. Tena mwaka 1928, kampuni ya Victor ilipotia santuri kwa mara ya kwanza mjini Nashville, mji ambao sasa ni makao makuu ya muziki wa kantri, Bailey alikuwa miongoni mwa waliopigiwa.

Miaka ya 1930 Bailey alisafiri na wapigaji weupe wa Opry katika majimbo ya kusini. Watu walijaa kumsikiliza. Lakini usiku ulipoingia, hoteli walizolala wenzake hazikumpokea, wala hakuweza kula nao meza moja. Mwaka 1941 ukatokea ugomvi baina ya stesheni za redio na chama cha watunzi juu ya malipo ya nyimbo, na stesheni zikakatazwa kuzitangaza nyimbo nyingi zilizokuwa zikipendwa. Bailey hakupata tena nafasi ya kupiga tuni alizozijua na kuzoewa nazo, na mwaka huo huo akaondolewa. Alirudi kwenye duka lake dogo la kung'arisha viatu katika mji ule ule wa Nashville, akafanya kazi hiyo miaka mingi, na wengi waliokuja kung'arishiwa viatu hawakujua mikono ile ilikuwa imefanya nini. Wahenga walisema, Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Bailey alifariki mwaka 1982. Mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa kwake, jina lake lilitiwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri.

Tusiseme kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 1971 Charley Pride, mtu mweusi wa Mississippi ambaye baba yake alikuwa mkulima wa pamba, alichaguliwa na chama cha muziki wa kantri kuwa mchezaji bora wa mwaka. Mwaka 2024 wimbo wa Beyoncé ulifika mahali pa kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri za Marekani, naye akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufika hapo. Na banjo iliyosikika mwanzo wa wimbo huo ilipigwa na Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi wa Carolina ya Kaskazini, ambaye kwa miaka mingi amewafundisha watu asili ya chombo hicho. Hata hivyo wako waliolalamika kwamba mtu mweusi ameingia katika nyumba isiyo yake. Wasemao hivyo hawajui ni akina nani waliosaidia kuijenga nyumba hiyo.

Sasa turudi Kapkatet. Rodgers mwenyewe hakupata kusikia habari za Chemirocha. Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kutia nyimbo zake za mwisho, naye alikuwa amedhoofika kwa kifua kikuu hata ikabidi awekewe kitanda, apumzike baina ya wimbo na wimbo. Tarehe 26 ya mwezi huo alifariki, akiwa na umri wa miaka 35, na maiti yake ikarudishwa Mississippi kwa gari la moshi. Lakini santuri zake ziliendelea na safari. Na wasichana wa Kikipsigis walipomwimbia mwaka 1950, hawakuimba kwa gitaa wala kwa Kiingereza. Waliimba kwa kinubi cha kwao, kwa lugha ya kwao, kwa mwendo wa ngoma ya kwao. Katika wimbo huo Rodgers amebakia jina tu, na mengine yote ni ya Wakipsigis.

Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Appalachia kwa banjo ya Afrika, na watu wa Hawaii kwa gitaa la Hispania, na Rodgers kwa bluzi ya watu wa reli. Kuchukua si kosa, kwa maana hakuna muziki wa watu wowote uliokua kwa kujifungia ndani. Kosa ni kuchukua, kisha kulifuta jina la aliyetoa. Wakipsigis hawakulifuta. Ingawa hawakumjua Rodgers, walilitunza jina lake kadiri ndimi zao zilivyoweza, wakamwalika ngomani. Na katika hilo waliwazidi wenye viwanda vya santuri, waliomjua Armstrong, wasimwandike.

Kwa hiyo twampa msomaji, na hasa mwanafunzi, kazi ndogo. Utakaposikia wimbo unaoupenda, uwe wa kwenu au wa ng'ambo, usiishie kumwuliza aliyeuimba. Muulize pia alijifunza kwa nani, na chombo anachokipiga kilianza kuundwa wapi. Ukiwa na mzee kijijini kwenu ajuaye nyimbo, mwulize naye alizipata kwa nani, uliandike jina analokutajia. Aliyefundisha DeFord Bailey kutoa sauti ya gari la moshi hakuwa mtu, lilikuwa gari lenyewe. Lakini kwa wengine wetu sote, nyuma ya kila tuni yuko mwalimu, na mwalimu hustahili kutajwa.